Mradi Wasijionyeshe

“Mimi sina tatizo nao, mradi wasijionyeshe.”

Kauli hiyo nimeisikia katika chumba cha wahadhiri, ndani ya matatu, kwenye vikao vya kamati na nje ya milango ya kanisa baada ya ibada. Wanaozungumziwa ni mashoga na wasagaji, na aghalabu msemaji huitamka kwa utulivu wa mtu aliyetoka kutoa sadaka. Hajamtukana mtu. Hajataka mtu apigwe wala afungwe. Anajiona amesimama mahali pa busara, baina ya mhubiri anayefoka na mwanaharakati anayepaza sauti. Ni kauli ya wasomi, ya watumishi wa umma, ya wazazi wema. Kwa miaka mingi ilikuwa kauli yangu pia.

Leo ninaandika kuipinga. Chuki ya wazi ina wapinzani wake, na hoja zake zimejibiwa mara nyingi. Hii ya upole haijibiwi, kwa kuwa haina sura ya chuki. Nami ninashikilia kwamba ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi, maana ndiyo iliyokalia madawati ya ofisi za umma, kamati za nidhamu na viti vya walezi wa wanafunzi.

Nianze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu jioni moja. Alikuwa kijana msikivu, mwenye insha nadhifu, asiyependa kukaa viti vya mbele. Wenzake wa bweni walikuwa wamegundua jambo katika simu yake, wakamtolea virago vyake nje na kumwonya asirudi. Alitaka niandike barua ya kumwombea chumba kwingine. Nilimsikiliza, nikasikitika kwa dhati, kisha nikamwambia maneno niliyoyadhani ya hekima: “Barua nitakuandikia. Lakini nawe, kijana wangu, jifunze kutojionyesha.” Aliinamisha kichwa, akanijibu kwa adabu: “Sikujionyesha, Daktari. Waliifungua simu yangu nikiwa nimelala.”

Sikuwa na la kusema. Barua niliiandika. Muhula uliofuata hakujisajili, na nambari yake ya simu haikupatikana tena.

Jibu la kijana yule lilinifuata hadi Johannesburg mwezi Oktoba 2022. Nilikuwa nimekwenda kuhudhuria kongamano, na marafiki zangu watatu wa huko, wawili wahadhiri wa sheria na mmoja muuguzi mstaafu kutoka Soweto, walinisihi niongeze siku mbili ili twende pamoja kwenye gwaride la Fahari la jiji hilo, Johannesburg Pride. Lilikuwa limepangwa kufanyika Sandton Jumamosi ya tarehe 29, likirejea barabarani baada ya kimya cha Uviko-19. Nilikubali kwa udadisi zaidi kuliko kwa msimamo.

Jumatano ya wiki hiyo, Ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari kwamba huenda magaidi wakashambulia mkusanyiko mkubwa wa watu Sandton siku hiyohiyo ya Jumamosi. Rais Cyril Ramaphosa alisikitika hadharani kwamba serikali ya nchi nyingine imetoa onyo la kuwatia watu wake taharuki. Waandaaji walisema gwaride liko palepale.

Ijumaa usiku tulikaa mezani kushauriana. Mimi natoka katika nchi iliyoonja Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kupendekeza tubaki nyumbani. Mhadhiri mmoja aliniunga mkono. Muuguzi mstaafu alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema: “Miaka yote hii tumeuawa mmoja mmoja, majumbani na vichochoroni, na hakuna ubalozi uliotoa tahadhari. Kesho tutakuwa wengi, tena mchana, na polisi watakuwapo. Mimi nitakwenda.” Baada ya maneno hayo hapakuwa na mjadala. Tulikwenda.

Nitaeleza nilichokiona, kwa kuwa wengi wenye maoni makali juu ya magwaride ya aina hii hawajawahi kusimama katika hata moja. Jua la Oktoba lilikuwa la utosini, na mijakaranda ilikuwa imemwaga maua yake ya zambarau kando ya barabara. Askari walikuwa wengi, wengine wakikagua mikoba, wengine wakitingisha vichwa kwa mdundo wa amapiano wakidhani hawaonekani. Bendera za upinde wa mvua zilipepea pamoja na ile ya taifa. Vuvuzela zilituziba masikio. Mama mmoja wa makamo, amevaa shweshwe kama anayekwenda harusini, alibeba bango la kuwaambia watu kwamba anampenda binti yake, na binti mwenyewe alikuwa kando yake akimwomba kwa aibu alishushe kidogo. Wachuuzi waliuza maji kwa bei ya kulangua. Watu waligombania kivuli.

Sitaficha kwamba wapo waliovaa nguo ambazo mimi nisingethubutu kuvaa hata nikiwa peke yangu chumbani. Mara mbili nilitazama pembeni. Lakini wengi mno walivaa fulana na viatu vya raba kama mimi, na kufikia saa nane mchana sote tulikuwa na tatizo moja, nalo ni miguu. Muuguzi wetu alivua viatu akavishika mkononi. Nilicheza, tena vibaya, na marafiki zangu walinicheka hadi machozi yakawatoka. Kwa muda mrefu sikuwa nimefurahi namna ile katikati ya watu nisiowajua. Nilitazamia kashfa, nikakuta sikukuu.

“Unaona?” muuguzi aliniambia tulipokuwa tumeketi ukingoni mwa njia tukigawana chipsi. “Hakuna tunalofanya hapa. Tunatembea tu.”

Nimelifikiria sana neno lile, “tunatembea tu”. Maana swali lote limo humo. Ikiwa watu wanatembea tu, mchana, barabarani, pamoja na mama zao, ni kitu gani hasa tunachowakataza tunapowaambia wasijionyeshe?

Hebu tulichunguze neno lenyewe. Nyani haoni kundule, na sisi wengine hatuoni tunavyojionyesha. Tazama harusi zetu. Msafara wa magari yaliyofungwa riboni hupita katikati ya mji ukipiga honi, tarumbeta zinalia, wapambe wananing’inia madirishani, na shughuli za barabara nzima zinasimama kungoja maarusi wapite. Kwani harusi ni nini kama si tangazo la hadharani kwamba fulani na fulani watalala kitanda kimoja? Hakuna anayesema, “Sina tatizo na waliooana, mradi wayafanye yao faraghani.” Tunavaa pete kazini. Tunaweka picha za wake na waume zetu mezani. Tukiulizwa tulikuwa wapi mwisho wa juma, tunajibu, “Nilimpeleka mama watoto kwao.” Hayo yote ni kujionyesha, ila kwa kuwa ni yetu tumeyapa jina la maisha.

Sasa mchukue mwenzako wa ofisini ambaye hawezi kusema hata moja kati ya hayo. Akiulizwa mwisho wa juma alikuwa wapi, lazima atunge jibu. Akifiwa na mpenzi wake wa miaka kumi, Jumatatu lazima aje kazini akiwa na uso mkavu, maana kwa mujibu wa idara hajafiwa na mtu. Akivamiwa nyumbani, atafikiri mara tatu kabla ya kwenda kituoni, kwa sababu afisa wa dawati atataka kujua yule mwingine aliyekuwamo ndani ni nani. Akitishiwa kuanikwa asipotoa pesa, atatoa. Kila tapeli anajua kwamba mtu aliyeamriwa kujificha hawezi kushtaki. Anayesema “mradi wasijionyeshe” huenda hajawahi kuwaza hayo, lakini ndiyo anayoyaagiza. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Jamii inayowalazimisha watu kujificha isistaajabu inapovuna uongo, usaliti na vifo vya upweke.

Historia ya gwaride la Johannesburg inalithibitisha jambo hili kuliko hoja yoyote niwezayo kuitunga. La kwanza, ambalo pia lilikuwa la kwanza barani Afrika, lilifanyika Oktoba 13, 1990, chini ya jumuiya iliyoitwa GLOW. Watu wapatao 800 walitoka Braamfontein wakapita Hillbrow. Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani miezi minane tu kabla, na sheria iliyoharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume ilikuwa bado inatumika. Waandaaji waliwaandalia mifuko ya karatasi waliohofia kutambuliwa na waajiri au jamaa zao, na baadhi waliandamana wakiwa wameivaa kichwani, imetobolewa matundu ya macho.

Nawaomba wasomaji wangu wa tabaka la busara, wale wasio na tatizo, waitazame picha ya mfuko ule. Huyo ndiye mtu mnayemtaka. Amezingatia sharti lenu. Hajajionyesha.

Aliyekuwa mstari wa mbele siku ile ni Simon Nkoli. Wanaoshikilia kwamba mambo haya ni ya kuletwa na Wazungu wangefaidika kumjua. Nkoli alizaliwa Soweto mwaka 1957. Mwaka 1984 alikamatwa kufuatia maandamano ya kupinga kodi za nyumba katika eneo la Vaal, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake 21, miongoni mwao Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, katika kesi iliyojulikana kama kesi ya Delmas. Adhabu iliyowakabili ilikuwa kifo. Akiwa gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye ni shoga. Baadhi walikasirika, wakaona atawachafulia kesi, na wakataka ashtakiwe peke yake. Walibishana kwa muda mrefu, na mwishowe wakaamua kusimama pamoja. Aliachiwa huru mwaka 1988. Lekota alieleza baadaye kwamba ulipofika wakati wa kuandika Katiba mpya, wasingeweza kuwabagua watu wa aina ya Simon, waliokuwa wameutia bega mzigo wa kuuangusha ubaguzi wa rangi.

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ikawa ya kwanza duniani kuutaja kwa jina mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa misingi ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya zamani Oktoba 1998. Nkoli alifariki kwa UKIMWI Novemba 30 ya mwaka huohuo, na siku kumi baadaye Zackie Achmat na wenzake walianzisha kampeni ya kudai dawa, ile ambayo hatimaye iliwafaa mamilioni ya wagonjwa ambao wengi wao hawakuwa mashoga wala wasagaji. Je, angelitii sharti la kutojionyesha, ni nani kati ya hao angelinufaika?

Wapo watakaonijibu kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Naam, na tuulizane ni mila ya nani. Maneno “kinyume na maumbile” yaliyomo katika sheria zetu hayakutungwa na mababu wa Mijikenda, wala wa Agikuyu, wala wa Wajaluo. Yalitoka katika Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyoandikwa na Waingereza na kuanza kutumika kwetu mwaka 1897. Mwaka 1930 ilipokelewa nyingine iliyofuata mfano wa sheria ya Queensland ya 1899. Kifungu cha 162 cha sheria ya Kenya, chenye adhabu ya miaka 14, ni kitukuu wa sheria hizo. Uingereza na Wales waliacha kuyahesabu kuwa kosa mapenzi ya faraghani ya wanaume watu wazima mwaka 1967. Sisi tumebaki tukiulinda mzigo alioutupa mwenyewe, tena tukiuita urithi wa wazee.

Na wanaolalamika juu ya fedha za kigeni wawe na mizani moja. Machi 2009 wahubiri kutoka Marekani, akiwemo Scott Lively, waliendesha semina mjini Kampala ya kuwaonya Waganda juu ya mashoga. Oktoba ya mwaka huo mswada wa kwanza ukafikishwa bungeni. Sheria iliyotiwa saini Mei 2023, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, ilikulia katika mazingira hayo. Sijawahi kumsikia mtetezi wa mila akiulizia nauli ya wahubiri wale.

Haki inanitaka pia niyaseme maovu ya gwaride lenyewe, kwani sikwenda Johannesburg kutafuta malaika. Kadiri miaka ilivyopita, njia ilihamia vitongoji vya matajiri, wafadhili wakaongezeka, na siasa ikapungua. Wakati huohuo wasagaji weusi wa vitongoji duni walikuwa wakibakwa na kuuawa. Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, aliuawa KwaThema mwezi Aprili 2008. Oktoba 6, 2012, wanaharakati wa kampeni ya One in Nine walilala barabarani mbele ya gwaride wakaomba dakika moja tu ya kimya kwa ajili ya waliouawa. Walizomewa, wakasukumwa, na baadhi ya waandamanaji wakawaambia waondoke wasiwaharibie sherehe. Aibu ya siku ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata waandaaji wa wakati huo walilivunja shirika lao.

Nalikumbuka tukio hilo kwa sababu linatoa onyo hata kwa upande wangu. Raha isiyokumbuka waliozikwa hugeuka biashara. Lakini kosa la siku ile halikuwa raha yenyewe. Wale waliolala barabarani hawakuomba gwaride lifutwe, waliomba liwajumuishe. Na gwaride la Soweto, lililoanzishwa na wanawake weusi mwaka 2004, lipo kuonyesha kwamba mtu anaweza kuomboleza na kucheza katika barabara ileile. Muuguzi wetu ni wa huko. Kabla hatujaondoka Sandton alininong’oneza majina matatu ya marafiki zake aliokuwa akiwatembelea kaburini, kisha akavaa viatu vyake tena na kuingia katika wimbo uliokuwa ukipigwa.

Kuna pingamizi la dini, nami silidharau, kwa kuwa nililelewa ndani yake. Muumini ana haki ya kuamini kuwa jambo fulani ni dhambi, na kulihubiri. Sitaki serikali imnyamazishe. Ninachomkatalia ni kumtuma polisi akamalizie mahubiri yake. Vitabu vitakatifu vinakataza pia uzinzi, riba na masengenyo, na bado hakuna anayedai wazinzi wasipite barabara kuu. Marehemu Askofu Desmond Tutu alisema mwaka 2013 kwamba hawezi kumwabudu Mungu anayewachukia mashoga. Si lazima ukubaliane naye. Inatosha ukubali kwamba alikuwa mcha Mungu.

Kuna na la watoto: “Tutawaambia nini watoto wetu?” Swali hili huulizwa kana kwamba watoto wako upande mmoja na hao wengine upande wa pili. Kila shoga na kila msagaji alikuwa mtoto wa mtu, katika nyumba ya mtu, na alimsikia babake mezani akisema maneno fulani. Ninyi wazazi, wasiwasi wenu uelekezeni hapo. Mtoto akiuliza kwa nini watu wale wanatembea na bendera, mwambieni kwamba walikatazwa kutembea, sasa hawakatazwi. Ataelewa haraka kuliko sisi.

Turudi nyumbani basi. Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina aliandika waziwazi kwamba yeye ni shoga, akalitamka neno hilo mbele ya bara zima. Tulimkumbusha wengi wetu kwamba angeweza kubaki kimya akaendelea kuheshimiwa. Alifariki Mei 21, 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu jijini Nairobi ikakataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165. Lakini Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba ilikuwa makosa kulinyima usajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na kwamba orodha ya Katiba ya misingi isiyoruhusiwa ya ubaguzi haijafungwa. Huo ndio msimamo wa sheria nchini leo: tendo bado ni kosa, lakini mtu hajaacha kuwa mtu, na haki yake ya kukutana na wenzake ingalipo.

Watumishi wa umma mnaonisoma, uamuzi huo unawafunga. Mtu anapofika kwenye dawati lako kuripoti kupigwa, kazi yako ni kuandika ripoti ya kupigwa. Anapofika kliniki, kazi yako ni kumtibu. Hukuajiriwa kupima kiasi alichojionyesha.

Nanyi vijana, mnalijua jambo hili kwa ngozi zenu. Juni 2024 mlitoka barabarani na bendera za taifa, chupa za maji na simu, mkitegemea Kifungu cha 37 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mliambiwa nini? Kwamba hakuna anayepinga maoni yenu, mradi myatoe mahali panapofaa. Kwamba muwe nyumbani. Kwamba mnalipwa na wageni. Kisha tarehe 25 baadhi yenu wakapigwa risasi. Lugha iliyotumiwa dhidi yenu ilikuwa imefanyiwa mazoezi kwa miaka mingi juu ya migongo ya wengine, na wengi wetu tulinyamaza kwa kudhani haituhusu. Barabara ya umma haigawanyiki. Mkimruhusu mtawala aamue ni raia yupi anafaa kuonekana, msishangae siku atakapowachoka ninyi.

Wanaharakati nao nina neno kwao. Msione haya juu ya raha. Nimeketi katika mikutano yenu ya hoteli, penye vibao vya majina na ripoti, ambapo shoga na msagaji huzungumzwa kama maradhi yanayosubiri bajeti. Mtu hapiganii haki ili awe mhusika wa ripoti. Anaipigania ili Jumamosi moja aweze kuvua viatu, ale chipsi na rafiki zake ukingoni mwa barabara, na kurudi nyumbani salama. Agosti 2012 Waganda wachache walifanya gwaride lao la kwanza Entebbe, kandokando ya ziwa, mwaka mmoja na nusu tu baada ya David Kato kuuawa. Polisi waliwavamia. Hawakuwa wamesahau hatari. Walikuwa wamechoka kukutana mazishini pekee.

Lugha yetu, nayo, ilikuwa imetutangulia. Huku pwani mwanamke humwita mwandani wake “shoga”, akimtafuta kwenye shughuli, akimpa siri zake, akimwegemea siku ya msiba. Neno hilohilo tumeligeuza tusi la kumtolea kijana virago. Sikulifikiria hilo siku nilipokuwa nikimpa mwanafunzi wangu hekima yangu. Nililifikiria Sandton, nilipoona watu wakiitana kwa upendo mbele ya polisi, wala dunia haikuanguka.

Basi anayetaka kuniandikia kwamba hana tatizo nao, mradi wasijionyeshe, aniandikie pia yeye mwenyewe ataanza lini. Avue pete. Aondoe picha mezani. Arusi ya bintiye aifanye usiku wa manane, milango imefungwa, bila tarumbeta. Akimaliza mwaka mmoja katika hali hiyo, tutazungumza juu ya busara.

Na wewe kijana uliyebisha hodi ofisini kwangu jioni ile, popote ulipo, ikiwa maneno haya yatakufikia: nilikosea, nawe ulinijibu sawasawa. Hukujionyesha. Sisi ndio tuliokuchungulia.